UNAUZA TAA ZA NDANI YA GARI? FUNGA SETI MOJA KWA MKONO WAKO KWANZA, NDO UJUE UNAUZA NINI



Leo naongea na wewe unayeuza vifaa vya magari mtandaoni, au unayefikiria kuanza. Hasa hizi taa za urembo za ndani ya gari, zile za LED za rangi rangi zinazowaka chini ya dashibodi na miguuni. Mzigo mwepesi, hauozi, hauna saizi kama viatu, na picha yake usiku inajiuza yenyewe. Ndo maana kila mtu anaposti.

Lakini ni mzigo unaorudi sana. Mteja wa Tegeta anakwambia haziwaki. Wa Tandika anasema zimewaka dakika tano zikazima moja kwa moja. Wa Kigamboni ameamka asubuhi gari haliwaki, anakupigia wewe, na hakumpigia fundi. Na mara nyingi taa yenyewe ni nzima kabisa. Ilifungwa vibaya, au aliyeuza hakuuliza gari ni la aina gani.

Mimi duka langu lipo Mbagala, elimu yangu kidato cha nne, umeme wa magari nimejifunza kwa kushika waya na kukaa na mafundi. Ninachoamini ni hiki: hii bidhaa ukijua kuifunga mwenyewe, unajua kuiuza. Usipojua, unauza bahati nasibu. Kwahiyo leo tutapita kufunga, hatua kwa hatua, alafu tutaona kila hatua inakusaidiaje kuuza.

KWANINI WATU WANAZITAKA

Gari nyingi za Japani tunazoendesha hapa Dar, IST, Passo, Vitz, Spacio, zimekuja na kataa kamoja tu juu ya kichwa. Wenzetu wa magari ya bei mbaya walishatoka huko. Mercedes-Benz S-Class iliyotoka 2013 haina balbu hata moja ya kizamani, yote ni LED, na ndani unachagua rangi 7. E-Class ya 2016 ikaja na rangi 64. Mteja wako amezionamtandaoni, anataka IST yake ifanane kidogo na ile. Haki yake.

Kundi la pili ni madereva wa Bolt na wenzao. Huyu haangalii urembo tu. Abiria wa usiku akiingia kwenye gari safi, lenye mwanga laini, anajisikia yupo mahali salama, na anaona pa kuweka miguu. Kundi la tatu ni bajaji na bodaboda, wao wanapenda zaidi za nje, lakini umeme wao ni uleule wa volti 12, kwahiyo maelezo mengi ya hapa yanawahusu.

Huyu dereva wa mtandaoni ndo nataka umkumbuke mpaka mwisho wa somo hili. Wengi gari sio lao. Ni la mkataba, kila wiki kuna hesabu ya bosi. Gari likilala siku moja kwasababu ya taa ya urembo, hesabu haisubiri. Hapo ndo uone kwamba kitu cha elfu kadhaa kinaweza kumuharibia mtu wiki nzima.

KWANZA JUA MZIGO ULIOUSHIKA

Kariakoo utakutana na aina nyingi, ila kwa umeme zinaingia kwenye makundi matatu.

1. Za USB. Hizi zinatumia volti 5. Zinachomekwa kwenye kichwa cha chaja ya simu kilichopo kwenye tundu la kiberiti. Ni rahisi kuliko zote, hakuna kukata waya.

2. Za kuchomeka kwenye tundu la kiberiti moja kwa moja. Hizi ni volti 12. Kawaida zinakuja mikanda minne, miwili ya mbele na miwili ya nyuma, na kiboksi kidogo katikati chenye remoti au kinachotumia simu kwa Bluetooth. Nyingi kiboksi kina maiki ndani, ndo maana taa zinacheza na muziki.

3. Zile za uzi mwembamba unaopachikwa kwenye mifereji ya dashibodi na milango. Uzi unawaka wote kama mstari mmoja. Nyingine ni akriliki inayopitisha mwanga kutoka kwenye LED ya pembeni. Nyingine uzi wenyewe ndo unaowaka na una kiboksi chake kinachobadilisha umeme. Huo wa kujiwakia wenyewe usitenganishwe na kiboksi chake, ukiuunga moja kwa moja kwenye umeme wa gari hauwaki inavyotakiwa.

Makosa makubwa ya mtaani yanatokea kati ya namba 1 na namba 2. Fundi anaona kichwa cha USB kinamsumbua, anakikata, anaunga waya kwenye umeme wa gari. Volti 5 imepewa 12. Zinawaka kwa mwanga mkali unaovutia, alafu zinaungua. Mteja anakwambia umemuuzia feki.

Na lori je? Fuso, Scania na basi kubwa zinatumia volti 24. Taa ya volti 12 ukiiweka huko moja kwa moja, umeiua. Inahitajika kifaa cha kushusha umeme kutoka 24 hadi 12. Kwahiyo swali la "boss, gari ni la aina gani?" sio la kupiga stori. Ni swali la biashara.

HESABU NDOGO YA UMEME (USIIRUKE)

Fomula ni moja tu: wati ugawe kwa volti, unapata ampia.

Chukua ile seti ya mikanda minne, kila mkanda una LED 12. Jumla 48. LED za aina ya 5050, zile za mraba zenye rangi tatu ndani, zikiwaka rangi zote kwa nguvu yake yote, kila moja inakula kama wati 0.24. Zidisha mara 48, unapata kama wati 11.5. Gawa kwa 12, unapata kama ampia 1.

Hiyo ampia 1 inakuambia mambo mawili.

La kwanza: ni umeme kidogo, haulemei gari likiwa linatembea. Mteja anayeogopa kwamba taa zitaua altaneta, mtoe hofu.

La pili: gari likizimwa, taa zikabaki zinawaka, kibao kinageuka. Betri ya gari dogo huwa kama ampia-saa 35 hadi 45. Taa zikilala zinawaka masaa 10, zimekula ampia-saa 10. Betri mpya itavumilia. Betri iliyochoka, na hapa mjini nyingi zimechoka, asubuhi utasikia "tik tik tik" gari haliwaki. Akipaki Jumamosi mchana akarudi Jumatatu alfajiri, ni zaidi ya masaa 36, hapo hata betri nzuri inakuwa hoi.

Kwahiyo taa zichukue umeme sehemu inayozima ukitoa funguo. Kwenye swichi ya funguo sehemu hiyo imeandikwa ACC. Ndo ile redio inapowaka kabla hujawasha injini.

VIFAA

Huhitaji gereji. Unahitaji:

- Seti ya taa
- Spiriti na kitambaa safi
- Bisibisi, na kile kiplastiki cha kubandulia plastiki za gari bila kukwaruza
- Tai za plastiki za kufungia waya
- Tepu ya mafundi umeme
- Testa ya umeme wa gari au mita
- Kama hutumii tundu la kiberiti: kichwa cha kuongezea fyuzi, kile kinachochomekwa kwenye boksi la fyuzi na kinabeba fyuzi mbili, na fyuzi ndogo ya ampia 2 au 3

KUFUNGA, HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1: Washa kabla hujafunga.
Chomeka seti nzima ikiwa bado mkononi. Pitisha rangi zote. Angalia kila mkanda, kila LED. Washa na redio ya FM kidogo, maana viboksi vingine vya bei rahisi vinaleta mkwaruzo kwenye redio. Ukiligundua hilo kabla ya kubandika, umejiokolea saa nzima.

Hatua ya 2: Safisha kweli kweli.
Hapa ndo gundi inaposingiziwa. Gari zetu zikioshwa, dashibodi inapakwa ule uji wa kung'arisha. Unapendeza, lakini gundi haishiki juu yake. Ongeza na jua la Dar, gari limepaki Mwenge saa nane mchana vioo vimefungwa, gundi inalainika na mkanda unaning'inia. Futa na spiriti mara mbili, subiri pakauke, bandika, gandamiza. Alafu usiiamini gundi peke yake. Weka tai ya plastiki au kile kishikio kidogo kinachokuja na seti, angalau sehemu mbili kwa kila mkanda.

Hatua ya 3: Chagua mahali.
Mbele: chini ya dashibodi, upande wa dereva na wa abiria, mwanga ukiangalia sakafuni. Nyuma: chini ya viti vya mbele, mwanga ukiangalia miguu ya abiria wa nyuma. Unatakiwa uone mwanga, usiione LED yenyewe. Ukiona kitone kinakupiga machoni, kisogeze ndani. Usibandike sakafuni, huko kuna mchanga, maji ya miguu ya mvua, na jamaa wa kuosha magari na mpira wake.

Hatua ya 4: Pitisha waya kwa adabu.
Waya za nyuma zipite chini ya kapeti au ndani ya plastiki ya kizingiti cha mlango. Sehemu tatu waya usikae: karibu na pedali, kwenye nguzo ya usukani, na kwenye reli ya kiti. Waya ukining'inia kwenye pedali ya breki, hilo sio suala la urembo tena. Na reli ya kiti inakata waya taratibu kila dereva anaposogeza kiti, mpaka siku shaba inagusa chuma.

Ukimaliza, sogeza viti vyote mbele na nyuma mpaka mwisho. Kanyaga pedali zote. Zungusha usukani kulia na kushoto. Kama kuna waya uliosogea, rudia.

Hatua ya 5: Heshimu waya za njano.
Chini ya viti vya mbele na ndani ya nguzo za pembeni ya kioo, gari nyingi zina waya au soketi za njano. Hizo ni za eabegi, ule mfuko unaofumuka gari likigonga. Usichomoe, usiunge kitu, usitoboe. Plastiki yoyote iliyoandikwa SRS, taa yako usiipitishe juu yake wala nyuma yake. Mfuko ukifumuka, kila kitu kilicho mbele yake kinarushwa kwa mtu.

Hatua ya 6: Umeme. Una njia mbili.

Njia rahisi ni tundu la kiberiti. Chomeka, basi. Kwenye gari nyingi za Japani tundu hilo linazima ukitoa funguo, lakini sio zote. Jaribu: toa funguo, subiri dakika moja, angalia kama taa bado zinawaka. Ukitaka kuchaji na simu, nunua kigawanyo cha matundu mawili.

Njia ya pili ni boksi la fyuzi, kwa anayetaka waya zote zifichike. Kwenye gari dogo boksi la ndani mara nyingi lipo chini ya dashibodi, na mfuniko wake una mchoro wa kila fyuzi. Tafuta fyuzi ya redio au ya tundu la kiberiti, zimeandikwa RADIO, ACC au CIG. Usiguse za eabegi, ABS, usukani wala kompyuta ya gari.

Toa ile fyuzi. Washa funguo hadi ACC, pima na testa, kati ya miguu miwili ya tundu, upi una umeme. Chomeka kile kichwa cha kuongezea, fyuzi ya zamani irudi kwenye nafasi yake ya ampia zilezile, na kwenye nafasi ya pili weka fyuzi yako ya 2 au 3. Kujua kama umechomeka upande sahihi, chomoa ile fyuzi ya zamani kidogo. Taa zako zikiendelea kuwaka, upo sawa. Zikizima, kigeuze kichwa upande wa pili. Angalia na saizi pia, maana fyuzi hizi za miguu zina ukubwa tofauti, kichwa cha saizi nyingine kitalegea na kitachemka.

Rangi za fyuzi zikariri, wateja wanauliza: zambarau ni 3, kahawia hafifu ni 5, kahawia ni 7.5, nyekundu ni 10, bluu ni 15, njano ni 20, kijani ni 30.

Waya mweusi unafungwa kwenye bolti ya chuma cha bodi, pasiwe na rangi wala kutu. Sio bolti ya plastiki.

Hatua ya 7: Kwanini fyuzi, na kwanini ndogo.
Kuna mafundi wanavuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri bila fyuzi. "Itawaka tu boss." Kweli itawaka. Shida inakuja siku ule waya mwembamba unagusa chuma. Betri ya gari ina uwezo wa kutoa mamia ya ampia, ndo inayozungusha stata. Waya wa taa yako umetengenezwa kubeba ampia moja mbili. Unageuka kuwa kama koili ya jiko, chini ya kapeti, karibu na sponji ya kiti.

Fyuzi ni kitu cha bei ndogo kuliko soda. Kazi yake ni kufa kabla ya waya. Ndo maana ukiweka ya 20 kwenye waya wa ampia moja, hujaweka kitu, maana waya utaungua fyuzi ikiwa bado inakuangalia. Na fyuzi iwekwe karibu na umeme unapotoka, sio mwisho wa waya karibu na taa, kwasababu inalinda kile kipande cha waya kinachofuata baada yake tu.

Mteja akikwambia fyuzi inakata kila akiwasha, usimwambie aweke kubwa zaidi. Mwambie kuna sehemu waya umechubuka, atafute.

USIKU BARABARANI

Taa za ndani zikiwa kali, macho ya dereva yanazoea mwanga wa ndani, na barabara inakuwa nyeusi zaidi kuliko ilivyo. Kioo cha mbele nacho kinaanza kuakisi dashibodi. Fikiria Kilwa Road usiku, mtu anavuka na nguo nyeusi pale Rangi Tatu.

Mwelekeze mteja: akiwa anaendesha, mwanga ashushe mpaka chini, na rangi tulivu kama nyekundu iliyofifia au rangi ya kaharabu. Ile mitindo ya kuwakawaka na kucheza na muziki ni ya gari likiwa limepaki. Na bluu na nyekundu zinazometa zisionekane nje ya gari kabisa, zitamchanganya mwenzake barabarani adhani ni gari la dharura, na trafiki atamsimamisha kwa haki.

SASA TUJE KWENYE BIASHARA

Ukishafunga seti moja kwa mkono wako, maswali ya kumuuliza mteja yanakuja yenyewe. Mimi nauliza manne kabla sijapokea hela:

1. Gari gani, la mwaka gani? (Unajua volti, na unajua kama tundu la kiberiti lipo.)
2. Tundu la kiberiti linafanya kazi? (Gari nyingi za zamani fyuzi yake imeshakufa, mwenyewe hajui.)
3. Gari ni lako au la mkataba?
4. Atafunga nani?

Swali la tatu wauzaji wengi hawaulizi. Gari la mkataba lina mwenyewe, na baadhi yamefichwa kifaa cha GPS ambacho nacho kimeungwa kwenye waya za chini ya dashibodi. Dereva akigusa waya asiojua, bosi anapata ujumbe kwamba kifaa kimechezewa, na maelezo yanakuwa marefu. Huyo mimi namuuzia ya kuchomeka tu. Siku akirudisha gari, anachomoa taa zake anaondoka nazo. Faida yangu hapo ni ndogo kuliko ya seti ya kuficha, ila mtu huyu ana kundi la WhatsApp la madereva wenzake.

Sasa piga hesabu ya mzigo kurudi. Tuseme seti umenunua 10,000 unauza 18,000, faida 8,000. Haijafanya kazi, umelipia boda 5,000 kwenda na 5,000 kurudi. Umepoteza 10,000. Faida ya seti nyingine nzima imeondoka na bado unadaiwa 2,000, na boksi limeshachanwa. Maswali manne hapo juu yanachukua dakika mbili.

Mengine ninayofanya:

- Kila seti naiwasha dukani kwenye betri, narekodi video fupi, rangi zote, pembeni karatasi yenye jina la kwanza la mteja. Namtumia kabla boda hajaondoka. Mzigo wa mkoani ndo usikose kabisa, ukishapanda basi pale Magufuli Mbezi kuurudisha ni shughuli.
- Picha za tangazo napiga kwenye gari la hapahapa, IST ya kawaida, usiku, bila kuongeza mwanga. Ukiposti picha ya gari la Ulaya lenye taa za kiwandani, mteja analinganisha, anajiona ametapeliwa hata kama taa ni nzuri.
- Kwenye boksi naweka fyuzi moja ya akiba na tai sita za plastiki. Gharama ndogo sana, na mteja anaona ametunzwa.
- Za Bluetooth, namwambia mapema: washa Bluetooth na lokesheni kwenye simu, fungua programu ndo utafute taa. Simu nyingi za Android bila lokesheni haizioni. Ujumbe huu peke yake umenipunguzia nusu ya simu za usiku.
- Kwa anayetaka za kuficha kwenye fyuzi, nampeleka kwa fundi umeme wa magari ninayemjua kazi yake. Bei ya ufundi naitaja tofauti na bei ya taa, asije akadhani imejumuishwa.
- Mwenye lori la volti 24, kama sina kifaa cha kushusha umeme, simuuzii. Namwambia ukweli, namwelekeza anachotakiwa kununua.

Hilo la mwisho linauma ukiwa hujauza tangu asubuhi. Najua. Lakini mtu wa lori ukimuunguzia taa leo, kesho hutamuuzia hata kitambaa cha kufutia kioo.

UJUMBE WA KUKOPI

Huu hapa ndo ninaoutuma kila mteja akishapokea mzigo. Uchukue, badilisha uwezavyo:

"Asante boss, mzigo umefika. Kabla hujabandika: 1) Ziwashe kwanza mkononi, rangi zote. 2) Futa sehemu na spiriti, paka kavu. 3) Waya usipite kwenye pedali wala reli ya kiti. 4) Usiguse waya za njano. 5) Ukitoa funguo hakikisha taa zimezima, zisipozima chomoa ukipaki. 6) Usikate kichwa cha kuchomekea, ukitaka kuzificha niambie kwanza. 7) Ukiwa unaendesha shusha mwanga. Ikileta shida yoyote nipigie kabla fundi hajagusa."

Ukiwa na seti moja iliyokaa dukani haina mnunuzi, usiiuze kwa hasara. Azima gari la ndugu jioni moja, ifunge, ipige picha, rekodi kila hatua. Kuanzia hapo ukijibu maswali ya wateja unajibu kitu ulichokishika, na wao wataisikia tofauti hiyo kwenye sauti yako.